Picha Uliyotaka Nisiione

Atieno, rafiki yangu,

Karatasi zimerudi. Wiki kadhaa zilizopita zilikutwa asubuhi zimetupwa kwenye barabara ya kwenda Sotik, na nyingine zimebandikwa kwenye mlango wa kituo cha kupimia majani chai, zimeandikwa kwa wino mwekundu kwamba wageni, ndivyo wanavyowaita watu wa ziwa, wafunge mizigo yao kabla ya kura. Hazina jina la aliyeandika. Zilizofika kwenye geti la shule mwalimu mkuu aliziokota mwenyewe akazichoma kwenye shimo la takataka, na siku hiyo yote hakuna aliyezitaja kwenye stafrumu, chumba chetu cha walimu. Tulisahihisha mitihani tu. Mwalimu mpya waliyemleta mahali pako hakai kwenye kiti chako cha dirishani, ingawa hakuna aliyemwambia kilikuwa cha nani.

Shule imefungwa sasa. Nimebaki peke yangu darasani kwangu, na nimefunga komeo. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na kila nilipoogopa ni wewe niliyekutafuta. Nimejaribu kumwambia Mungu pia, usinicheke. Lakini kuna mambo ambayo nikimwambia Mungu inabidi nianze kueleza watu ni akina nani, na wewe unawajua wote.

Nataka nikueleze kuhusu baba yako na Kiprono. Siwezi kufika huko bila kupitia Nairobi kwanza, kwa ile nyumba ya sanaa, kwa sababu hofu yangu hii ilianzia pale.

Unakumbuka ni wewe uliyetaka kwenda. Ulikuwa unafundisha Sanaa na Ufundi, na ulisoma kwenye gazeti kwamba kuna makumbusho ya sanaa ya kisasa, nyumba nzima ya kazi za watu walio hai, watu wa hapa kwetu, na mtu yeyote anaweza kuingia. Ukaniambia, "Chela, nafundisha watoto kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukiona." Ilikuwa kweli. Picha tulizozijua ni za kalenda ya duka na Yesu wa kanisani. Mimi nafundisha sayansi kimu, kupika na kufuma, sanaa haikunihusu, lakini likizo ya Desemba ilikuwa ndefu na Mama alikuwa ananituma kuchuma majani chai kila siku. Nikasema twende. Mama akasema Nairobi tutavuliwa viatu tukiwa tunatembea.

Tulilala kwa shangazi yako, na asubuhi tukaenda. Ilikuwa nyumba ya mawe ya zamani, yenye bustani. Askari wa getini alituangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni akauliza, "Mnatafuta nani?" Ukamjibu, "Tunatafuta picha." Hata hakucheka. Alifungua geti akatuonyesha mlango kwa kidevu.

Nilikuwa na woga tangu pale mlangoni. Sakafu ya mbao iling'aa mpaka nikaona aibu ya raba zangu. Kuta zilikuwa nyeupe, na kulikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Mbele yetu palikuwa na baiskeli iliyokatwa katikati, nusu zake zimening'inizwa darini kwa waya, moja inaelekea huku na nyingine kule. Palikuwa na mwanamke wa vifuniko vya soda, mrefu kupita mlango. Kulikuwa na kitambaa kikubwa kilichopakwa buluu tupu, bila mtu, bila mti, bila chochote, nawe ulisimama mbele yake muda mrefu ukainamisha kichwa huku na huku. Kisha ukaninong'oneza, "Hii ingepata ngapi kwa mtihani wa darasa la nane?" Nikakwambia sifuri, maana aliyechora hakupiga mstari wa pembeni kwa rula. Tulicheka mpaka tukazibana midomo, na mzungu mmoja mzee akatugeukia akatabasamu, nasi tukaogopa tena tukasogea.

Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tukicheka hivyo.

Chumba cha mwisho kilikuwa na gunia mahali pa pazia. Ndani mwanga ulikuwa mdogo. Chini walikuwa wamemwaga udongo, udongo kabisa, mwekundu kama wetu, na kuta zilikuwa zimeegemezwa mabati yaliyoungua, yamejikunja, mengine bado yana misumari. Nilisikia harufu kabla ya kuona kitu. Moshi wa zamani, harufu ya nyumba iliyoungua ikanyeshewa. Ulishika ukuta. Nilijua unaona nini. Ulikuwa chuoni mwaka ule wa tisini na mbili nyumba ya baba yako ilipochomwa, ukafika ukakuta kuta zimesimama bila paa, na Mzee yuko kwenye uwanja wa kanisa pamoja na mamia ya watu, amekalia debe, hana kitu mkononi. Hata upande wetu kuna nyumba zilizoungua wakati ule, na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kulisema kila mara watu walipoanza kuhesabu za upande mmoja.

Kulikuwa na karatasi mlangoni ya kueleza. Msanii alikuwa ameokota mabati yale sehemu vita vilikopiganwa, kisha akachukua picha za magazeti ya siku zile, akazikuza mpaka zikawa kubwa kuliko mtu, akazibandika juu ya mabati. Mimi nilibaki nikisoma. Wewe ulitangulia.

Nilipoinua macho nilikuona umesimama mbele ya bati la pembeni kabisa. Halafu ukageuka ghafla ukaipa picha ile mgongo, ukafungua leso yako mabegani kama kuku anayetandaza mabawa.

"Chela, twende. Nasikia njaa."

"Tumeingia sasa hivi, Atieno."

"Basi nasikia vibaya. Ni hii harufu. Twende nje."

Nilikuamini. Nilikuja nikushike mkono nikutoe. Lakini hukusogea. Nikienda kulia unaenda kulia, nikienda kushoto unaenda kushoto, vile mtu anavyomzuia ndama asipite langoni. Uso wako ulikuwa umekuwa wa majivu. Hapo nikajua si harufu. Nikatazama juu ya bega lako.

Vijana walikuwa wanavuka barabara na pinde na mishale mikononi, migongo yao kwetu. Mbele yao kulikuwa na moshi, ukipanda nyuma ya mparachichi wa baba yako. Wote walikuwa wanatazama mbele isipokuwa mmoja, aliyekuwa amegeuza kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Alikuwa na sweta jeupe lenye mkono mmoja mweusi. Gazeti halina rangi, lakini mimi najua mkono ule haukuwa mweusi. Ulikuwa wa kijani. Uzi mweupe uliniishia, nikamalizia kwa uzi wa sweta za shule, na Kiprono mdogo wangu akalivaa hivyo hivyo bila kulalamika akasema hakuna mtu mwingine duniani mwenye sweta kama lake.

Siku zile za vita alituambia yuko Mulot, ameenda kuuza mitamba. Alirudi bila sweta. Akasema limeibwa sokoni. Mama aliwalaani wezi wa Mulot mwaka mzima.

Wewe hukulijua lile sweta. Wewe ulimjua kwa uso, kwa sababu ndiye aliyekuletea maziwa shuleni kila asubuhi.

Sijui tulisimama vile kwa muda gani. Nilisikia sauti nyuma yetu.

"Hamjambo akina dada. Naona hii imewapendeza."

Alikuwa mwanamume wa makamo, koti la kahawia, gazeti limekunjwa kwapani. Sikumwona akiingia. Hakuwa anatazama picha. Alikuwa anatutazama sisi.

"Hatujambo," ulisema.

"Mnatoka wapi?"

"Kericho."

"Kericho ni kubwa. Pande gani?"

"Huko kwa majani chai."

Akasogea karibu. Alinyoosha kidole akaanza kupita juu ya wale vijana mmoja mmoja, taratibu, bila kugusa, kama mwalimu anayeita majina. "Kuna mtu mnajua hapa?" Kidole kilifika kwa Kiprono kikasimama. Nilianza kuhesabu misumari ya bati, Atieno.

Nawe ulimtazama Kiprono usoni. Ulimtazama vizuri, bila haraka. Mtoto wa mtu aliyechomewa nyumba. Ungesema neno moja tu.

"Hapana," ulisema. "Hatujui mtu. Sisi ni walimu, tunaangalia vile wamebandika."

"Wamebandika?"

"Ndiyo. Karatasi juu ya bati. Tunataka kufundisha watoto. Hii ni gundi gani, inashika hivi bila kuchubuka? Wewe unajua?"

Alicheka kwa midomo. "Mimi sijui mambo ya gundi." Kisha akauliza majina yetu. Ukasema Mary na Grace. Hukuniangalia, na mimi nikaitikia Grace kwa kichwa. Tulitoka tukipita ile baiskeli na yule mama wa vifuniko, tukitembea kama watu wasio na haraka, na nilipofika getini nikageuka nikamwona amesimama mlangoni na gazeti lake.

Mpaka leo sijui alikuwa nani. Labda alikuwa mtu tu anayependa kuongea na wasichana. Labda alikuwa wa serikali. Labda alikuwa na jamaa zake aliowapoteza akawa anatafuta nyuso kama mimi nilivyoipata moja. Miaka ile tulimwogopa kila mwenye koti, na kuogopa huko hakukutusaidia kujua yupi ni yupi.

Ulitapika kando ya barabara, chini ya ukuta wa nyumba ya watu. Nikakushikia mgongo. Nikakuuliza mbona umefanya vile. Nilikuwa nalia. Nikakwambia ile nyumba ilikuwa ya baba yako.

Ukafuta mdomo kwa leso. "Wakimchukua wale wa serikali, watampiga mpaka akubali na yale hakufanya. Halafu wamtupe ndani, na baba hatajua chochote. Mimi nataka Kiprono aende kwa baba. Amwambie kwa mdomo wake." Kisha ukasema jambo ambalo nalisikia hata sasa nikiwa peke yangu. "Na usifikirie siogopi, Chela. Tukirudi ataniletea maziwa."

Nilirudi nyumbani nikawa mgeni. Kiprono alikuwa vile vile. Alimtania Mama kuhusu ng'ombe wake mvivu, alikata kuni, alinipakulia ugali mkubwa akasema Nairobi wamenikondesha. Nami nilikuwa natazama mikono yake. Nilikuwa naogopa mtu niliyembeba mgongoni. Nilikuwa naogopa pia kwamba siku moja nitaacha kumwogopa, nizoee, na mambo yaendelee.

Nilimwambia shambani, tukichuma majani, safu mbili zimetutenga.

"Nimekuona Nairobi."

"Mimi? Mimi sijafika Nairobi."

"Uko kwa ukuta. Na sweta yako."

Mikono yake ilisimama juu ya majani. Hakukataa. Angekataa labda ningeomba nimwamini. Aliuliza kitu kimoja tu. "Nani mwingine ameona?"

Alijua nilienda na nani. Alishusha kikapu chake mgongoni, akachukua panga la kukatia ng'ombe nyasi, akashika njia ya kuteremka shuleni.

Nilimfuata nikikimbia katikati ya majani chai. Majani chai hayana miiba, lakini siku ile matawi yalinichana miguu na mikono, na jinsi nilivyozidi kukimbia ndivyo paa la nyumba yako ya shule lilivyozidi kuwa mbali. Nilijaribu kuita jina lako. Nilipofika, panga lilikuwa limelala kwenye nyasi na mlango wako ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa kimya. Nilisimama nje, Atieno. Miguu ilikataa kuvuka kizingiti, kwa sababu kabla sijavuka ulikuwa bado hai.

Ndipo ukasema kutoka ndani, "Chela, ingia. Ndugu yako amekataa chai, labda wewe utakunywa."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa chini, mkubwa mno kwa kigoda kile. Baadaye uliniambia wewe ndiye uliyemwambia aache panga nje, kama mtu anavyoambiwa afute matope, naye akaacha. Lakini chai uliyonimiminia ilimwagika yote kwenye kisahani.

Alikuwa amekuja kukuuliza unataka nini. Ukamwambia wewe hutaki kitu, ni baba yako anayetaka. "Amekuwa akiuliza swali moja tangu siku ile. Ni nani. Nenda umwambie."

"Ataniua," Kiprono alisema.

"Baba yangu ana pumu. Hawezi hata kukimbiza kuku."

"Siwezi, mwalimu. Siwezi." Akatoka. Tangu siku hiyo alikuwa anaacha maziwa kwenye ua asubuhi, anaondoka kabla hujafungua mlango.

Halafu mvua, na malaria. Unajua watu walisema nini? Walisema mtu wa ziwa haugui malaria mpaka kufa, ameizoea. Mimi nilitaka kuwapigia kelele. Ulizaliwa hapa kwenye baridi hii, ulibatizwa hapa. Damu yako ilikuwa ya hapa, na ndiyo maana homa ilikubeba kama ilivyowabeba watoto wetu wa darasani. Gari halikuweza kufika shuleni kwa matope. Tulikulaza kwenye benchi la stafrumu tukakubeba mpaka kwenye lami, walimu na Kiprono. Alikuwa upande wa kichwa chako. Hakuna aliyemwita, alikuja tu. Ulikuwa unaongea kwa homa, kwa Kijaluo, maneno mengi, na yeye hajui hata neno moja la Kijaluo, alikuwa anakujibu tu "ndiyo, ndiyo, ndiyo" mpaka tukafika barabarani. Nimetaka kukwambia hilo tangu siku ile. Hukujua ni nani aliyekubeba.

Hospitali ilikuwa imejaa, wagonjwa wawili wawili kitandani. Nilikushika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na sindano. Ulikuwa wa moto, halafu ukawa wa baridi, na nilifurahi, unasikia, nilifurahi nikafikiri homa imeshuka.

Tulikupeleka kwenu ziwani kukuzika. Niliimba na wanawake wenu bila kujua maneno. Kiprono hakuja. Baba yako alikuwa anauliza kila mtu, "Nani kijana aliyembeba mtoto wangu kwenye matope? Nataka kumshukuru." Nilirudi nikamwambia Kiprono. Alitoka nje akatapika kama wewe kule Nairobi.

Sasa nifike kwa hizi siku.

Karatasi zilipotupwa, watu wawili walikuja kumtafuta Kiprono mchana, wakasimama naye kwenye ua wa ng'ombe. Niliwaona kupitia dirisha la jikoni. Walicheka, wakampiga bega, wakaenda. Aliingia akaketi karibu na jiko bila kuvua gambuti. "Wananitaka tena," akasema. Mama aliacha kukoroga. Mama hakujua kitu, Atieno, au tulidhani hajui. Alisema tu, "Mulot?" Kiprono akainamisha kichwa. Mama akaendelea kukoroga ugali ambao ulikuwa umeshaiva.

Jumapili baada ya ibada aliniambia, "Twende kwa Mzee."

Baba yako amestaafu kiwanda cha chai, anaishi pale pale, kwenye nyumba aliyoijenga upya. Alinipokea vizuri, akaniita nyara, binti yangu, kama anavyoniita siku zote. Nilipomtaja Kiprono, jina aliloambiwa na walimu, Mzee aliinuka akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ni wewe. Ni wewe uliyembeba Atieno." Kiprono aliuchomoa mkono wake kama umeungua.

"Mzee, usinishukuru. Ngoja kwanza."

Akamwambia akiwa amesimama. Kwamba alikuwa hapo siku ile. Kwamba si yeye aliyewasha hii nyumba, lakini ndiye aliyebeba mafuta ya taa, na alisimama pale kwa mparachichi akiitazama ikiwaka. Hakusema alilazimishwa. Hakusema alikuwa mdogo. Nilimwombea kimoyomoyo aseme, na hakusema.

Mzee alikaa. Pumu ilimshika, tukamsikiliza akitafuta hewa, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Ilipopungua aliuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Mbwa wangu alikuwa amefungwa kwa kamba. Nilimkuta hai. Nani alimfungua?"

Nilimtazama Kiprono. Ungekuwa uongo mdogo sana.

"Sijui, Mzee. Sio mimi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole. "Nenda nyumbani. Leo sina neno la kukwambia." Tulipofika kwenye ua akaita. "Wewe kijana. Mlikuja mkipitia wapi?"

"Njia ya mtoni, Mzee."

"Ukirudi, pita barabara kubwa. Mchana. Pita mbele ya maduka, watu wakuone unakuja kwangu."

Na anapita, Atieno. Kila siku baada ya kupeleka maziwa anaoga, anavaa shati lake la kanisa, anapita mbele ya maduka kwenda kwa baba yako. Watu wananyamaza akipita. Wanatengeneza ua pamoja, yeye na Mzee, na anasema hawaongei, isipokuwa Mzee anamwambia nguzo hii imepinda, irudie. Juzi mtu alimrushia jiwe likamkata juu ya sikio. Wengine wamemwambia Mama mtoto wake amejiuza. Wale wawili wamepita tena kwetu, na safari hii hawakucheka.

Nilimsihi Mzee aende ziwani mpaka kura ipite. Alinijibu bila kukasirika, "Nyara, niende kutembelea nani? Watu wangu wote wako hapa." Nilimsihi Kiprono aende kwa mjomba. Alisema akienda sasa, Mzee ataamini kitu gani kati ya yote aliyomwambia.

Kwa hiyo naogopa. Naogopa nikisikia pikipiki. Naogopa mbwa wakibweka, na zaidi wakinyamaza. Naogopa kwamba nitakuja kuona tena picha mahali fulani, na safari hii niwatafute watu wangu kati ya waliolala chini, si kati ya wanaovuka barabara. Sijui itakuwaje. Sitaki kukudanganya kwamba najua.

Lakini nakuahidi hivi. Siku ya kura nitapiga yangu mapema hapa Boito, kisha nitaenda kwa baba yako, kwa barabara kubwa, na sitaondoka mpaka matokeo yatangazwe na watu warudi shambani. Nilimwambia Mama hivyo jana, nikijua atalia. Hakulia. Aliuliza Mzee anapenda mursik, maziwa yetu ya mgando, au hapendi, kisha akaenda kuosha kibuyu kile kikubwa, akasema kitakuwa kizito kwangu peke yangu, kwa hiyo tutakibeba wawili.

Oriti, Atieno, kama wanavyoaga kwenu. Saisere, kama tunavyoaga kwetu. Wakija, watatukuta hapo, mimi na Mama na Kiprono na baba yako, tumekaa nje mbele ya nyumba, na itabidi watuite sote kwa majina.

Rafiki yako,
Chelagat